UZI: Salamu za Kichina kwa anayeanza sifuri. Jifunze kumwita mtu kwanza, "nǐ hǎo" itafuata

#1 Mwalimu_wa_Jioni

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za kujifunza Kichina zimekuwa nyingi, na karibu zote zinatoa orodha ile ile: nǐ hǎo (salamu), xièxie (asante), zàijiàn (kwaheri), basi. Mtu anaikariri, anakutana na Mchina dukani Kariakoo au saiti, anasema "ni hao", Mchina anatabasamu na kuendelea na shughuli zake. Mazungumzo yameishia hapo. Mimi nafundisha Kichina cha mwanzo jioni kwa wafanyabiashara na mafundi hapa Dar, na naomba niweke namna ninayowaanzisha wanafunzi wangu. Ninazungumzia Kichina sanifu, pǔtōnghuà, kinachofundishwa mashuleni na kutumika China nzima.

Kitu ninachotaka mkishike ni hiki: Mchina husalimu kwa kukuita. Mama wa Kichina akiwa na mtoto wake njiani wakakutana na mgeni, anamwambia mtoto "jiào rén", maana yake mwite mtu. Mtoto naye anasema "Shūshu hǎo!" kama mgeni ni mwanamume wa rika la baba yake, "Āyí hǎo!" kama ni mwanamke wa rika la mama, "Yéye hǎo!" kwa babu na "Nǎinai hǎo!" kwa bibi. Si lazima wawe ndugu. Akishamtaja kwa nafasi yake, amekwisha kumsalimu. Hiyo *hǎo* inayofuata inakamilisha tu.

Sasa niambieni, kwa mtu aliyelelewa na "shikamoo mjomba" na "habari za asubuhi mama Asha", jambo hili lina ugeni gani? Tunalo tayari mwilini. Lakini tukiingia kwenye Kichina tunaliacha mlangoni, tunamsalimia mzee wa miaka sabini na kijana wa dukani kwa "ni hao" moja.

Kwa watu wazima wa kazini na biashara, muundo ni huu: jina la ukoo, kisha cheo, kisha hǎo. Kwa Wachina jina la ukoo ndilo linatangulia, na mara nyingi ni silabi moja: Wáng, Lǐ, Zhāng, Chén, Liú. Kwa hiyo:

Wáng lǎobǎn hǎo! (Wang mwenye duka au bosi)
Lǐ jīnglǐ hǎo! (Li meneja)
Zhāng shīfu hǎo! (Zhang fundi, au dereva)
Chén lǎoshī hǎo! (Chen mwalimu)
Liú yīshēng hǎo! (Liu daktari)

Hujui jina? Cheo peke yake kinatosha: "Lǎobǎn, nǐ hǎo!" Ukitaka kujua jina, uliza kwa adabu: "Nín guìxìng?" Atakujibu "Wǒ xìng Wáng", na kuanzia siku hiyo ukipita pale ni "Wáng lǎobǎn!" Mtaona jinsi uso wake unavyobadilika.

Hiyo *nín* hapo juu ni "wewe" ya heshima. Ya kawaida ni nǐ, 你. Ya heshima inaandikwa 您, yaani ile ile 你 ikiwekewa chini yake 心, alama ya moyo. Tumieni nín kwa mtu aliyewazidi umri, kwa mteja, na kwa mtu mnayekutana naye mara ya kwanza kikazi. Hakuna atakayewalaumu kwa kuzidisha heshima.

Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi.

#2 Mpambanaji_Msimbazi

Mwalimu ubarikiwe, huu ndio uzi nilioutafuta. Mwezi wa kumi nakwenda Guangzhou kwenye maonesho ya Canton Fair, mara yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeshajiandaa na hiyo orodha ya maneno kumi uliyoisema.

Swali langu ni alama za juu ya herufi. Hizo ā á ǎ à ni za nini? Nikizipuuza nitaeleweka?

#3 Mwalimu_wa_Jioni

Usizipuuze mkuu, hasa wewe unayekwenda kununua. *Mǎi* ni kununua. *Mài* ni kuuza. Herufi ni zile zile, kilichotofautiana ni mwendo wa sauti tu. Ukiingia kibandani pa mtu na kukosea hapo, mnaanza mazungumzo mkiwa mmegeuziana viti.

Hizo alama ni toni. Kichina sanifu kina toni nne, na nyingine hafifu isiyowekwa alama.

Toni ya kwanza (ā) iko juu na imenyooka, haipandi wala haishuki. Ni kama daktari amekwambia ufungue kinywa useme "aaa".

Toni ya pili (á) inapanda. Mtu amekuita ukiwa chumba cha pili, hukusikia vizuri, unajibu "Ee?" Hiyo ndiyo.

Toni ya tatu (ǎ) iko chini. Vitabu vinaichora ikishuka kisha ikapanda, na wanaoanza wanahangaika sana kuipandisha. Kwenye mazungumzo ya kawaida, ikifuatiwa na neno lingine, inabaki chini tu. Ikamateni hivyo: sauti ya chini kabisa ya koo lako.

Toni ya nne (à) inaporomoka kwa kasi. Mtoto anasogelea jiko la moto, unamkemea "We!" Sauti hiyo.

Jambo la lazima kujua mapema: toni mbili za tatu zikifuatana, ile ya mbele inageuka kuwa ya pili. Ndiyo maana nǐ hǎo, ingawa imeandikwa na alama mbili za chini, hutamkwa *ní hǎo*: panda, kisha shuka chini. Maandishi hayabadiliki, kinywa ndicho kinabadilika. Nǐ hǎo ni neno la kwanza analofundishwa kila mtu, na tayari lina kanuni hii ndani yake, lakini vitabu vingi vya mwanzo vinaisema sura za mbele huko, mtu ameshazoea kukosea.

Lingine la namna hiyo ni *bù*, yaani si/hapana. Ikifuatiwa na toni ya nne inageuka *bú*. Kwa hiyo jibu la asante ni *bú kèqi*.

Na niseme kitu kinachowatia moyo wanafunzi wangu. Tunaambiwa toni ni ngumu kwa sababu Kiswahili hakina. Kweli, Kiswahili hakina. Lakini wangapi kati yetu Kiswahili ndiyo lugha pekee tuliyonayo? Kihaya kina toni. Kisukuma kina toni. Kigikuyu, Kijaluo, Kimaasai, Kinyarwanda, Kirundi, zote zina toni. Ukimweleza Mhaya kwamba neno linabadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, hashangai, ndivyo alivyolelewa. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba uwezo ule ule wa nyumbani ndio unaotumika huku. Darasani kwangu wenye lugha za namna hiyo wanazikamata toni haraka, na wenzao wanajifunza kwa kuwasikiliza.

#4 Reli_Voi

Sasa wadau. Mimi niko Kenya, nilifanya kazi kwenye SGR ya Mombasa kwenda Nairobi kabla haijafunguliwa 2017. Nathibitisha alichosema mwalimu kuhusu kuita. Pale saiti hatukuwa na Kichina chochote, lakini kila mtu alijua "shifu". Ukimwita fundi wa Kichina shifu, anageuka na kukusikiliza. Ukimwita "wewe" au ukimpigia mluzi, kazi inaharibika siku nzima.

Mimi shida yangu ilikuwa majina. Kwenye kitambulisho imeandikwa Zhang, nikisoma vile ilivyoandikwa, anacheka. Xu, Qin, Cao, hizi herufi zinasomwaje?

#5 Mwalimu_wa_Jioni

Reli_Voi, asante sana kwa ushuhuda. Shīfu ni neno zuri kupita kiasi kwa mtu wa saiti. Linamheshimu mtu kwa ujuzi wa mikono yake, kama sisi tunavyosema "fundi" kwa mtu anayeimudu kazi. Hata dereva wa teksi China anaitwa shīfu.

Kuhusu kusoma: hayo maandishi ya Kilatini yanaitwa pinyin, yalipitishwa rasmi nchini China mwaka 1958. Yametumia herufi tunazozijua, lakini baadhi zimepewa kazi nyingine kabisa. Zinazoingia kwenye salamu ni hizi.

*X* ni "sh" inayotamkwa ukiwa umetabasamu, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya chini. Xièxie si "zie-zie" wala "ksie-ksie". Ni karibu na "shye-she", ya kwanza ikiporomoka, ya pili nyepesi.

*Q* ni "ch" ya tabasamu hilo hilo, ikiwa na pumzi nyingi. Kwa hiyo Qin ni karibu na "chin".

*Zh* ni kama "j", ulimi ukiwa umekunjwa kuelekea juu. *Sh* na *ch* za pinyin nazo ulimi umekunjwa.

*C* ni "ts" yenye pumzi, *z* ni "dz". Cao ni "tsao". Zǎo, salamu fupi ya asubuhi, ni "dzao". Wagiriama na Wadigo humu hamhitaji somo hapa, "ts" na "dz" mnazo lughani kwenu.

*Ng* mwishoni mwa silabi ni ng' yetu ya ng'ombe. Hapa tumebarikiwa. Wáng ni Wang', Zhāng ni Jang'. Usiisikilizishe g, na usiongeze irabu mwishoni. Nalisisitiza hili kwa sababu midomo yetu imezoea silabi kuishia na irabu, na mtu anajikuta amesema "Wangi" na "zaijiani".

*Jian* ile a inasikika kama e: "jien". Kwa hiyo zàijiàn ni karibu na "dzai-jien", zote mbili zikiporomoka.

Na *hao* ni silabi moja. Sisi tunapoona "hao" tunasoma ha-o, kama "watu hao". Kichina ni hao kwa mkupuo mmoja, sauti ya chini.

Kitu kingine kizuri kwa watu wa pwani. Kichina kinatofautisha sauti zenye pumzi na zisizo na pumzi: p na b, t na d, k na g. B yao haina mtetemo kama b yetu, ni p isiyo na pumzi. Watu wa Mombasa wenye Kimvita wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa kutoa pumzi kwenye p ya mnyama, mnacho kitu hiki hiki. Weka kiganja mbele ya mdomo: ukisema *péngyou* (rafiki) uisikie pumzi, ukisema *bù* usiisikie.

#6 Mzee_wa_Hesabu

Samahani mwalimu, sipingi juhudi zako, lakini siku hizi simu inatafsiri kila kitu. Unaongea Kiswahili, inatoa Kichina. Kwa nini mtu mzima ahangaike na kupandisha na kushusha sauti?

#7 Mwalimu_wa_Jioni

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki kabisa.

Simu itumike. Kwenye bei, vipimo, masharti ya mzigo, mimi mwenyewe nawashauri wanafunzi wa mwanzo waandike kwenye simu ili pasiwe na utata. Lakini salamu inatokea kabla hujaitoa simu mfukoni. Ni zile sekunde za mlangoni, macho yamekutana, mwenzako anakupima wewe ni mtu wa namna gani. Ukitoa simu, ukaifungua, ukaongea, ukamwelekezea kioo, salamu imeshapita wakati wake.

Halafu kuna heshima ya kujihangaisha. Fikiria mgeni wa Kichina anaingia nyumbani kwako na kumwamkia mama yako "shikamoo" kwa mdomo wake, hata kama lafudhi imepinda. Mama atamkumbuka. Wachina nao ni watu wa mama na baba kama sisi, jambo hilo linawagusa vile vile.

#8 Bint_Ngambo

Assalaam aleykum. Kaka, mimi niko Unguja, nafanya kazi hospitali. Sisi madaktari wa Kichina tumewazoea tangu enzi za wazazi wetu, maana timu zao zinakuja Zanzibar tangu 1964, kutoka jimbo la Jiangsu. Kila timu inakaa muda wake inaondoka, inakuja nyengine. Nataka niwe nawasalimu vizuri asubuhi, na wakati wa kutoka zamu. Si "nǐ hǎo" peke yake kila siku, naona kama haipendezi kwa mtu unayemuona kila siku.

#9 Mwalimu_wa_Jioni

Wa aleykum salaam dada. Umeliona mwenyewe bila kuambiwa. Nǐ hǎo ni ya mtu usiyemjua, au mara ya kwanza, au ofisini mapokezi. Watu wanaoonana kila siku hawaambiani nǐ hǎo sana, inasikika kama wako mbali mbali.

Asubuhi: "Chén yīshēng, zǎo!" Inatosha, na ni ya kirafiki. Ukitaka ndefu na rasmi zaidi, "zǎoshang hǎo". Mkiwa wengi chumbani na unaingia wewe, "dàjiā zǎo" au "dàjiā hǎo", yaani nyote.

Jioni ni "wǎnshang hǎo". *Wǎn'ān* ni ya kuagana mtu anapokwenda kulala, usiitumie kumsalimia unapoingia zamu ya usiku.

Na sasa nakupa ile ambayo naamini utaitumia kuliko zote: xīnkǔ le (辛苦了). Mtu ametoka kwenye upasuaji wa saa nyingi, unamwambia "Chén yīshēng, xīnkǔ le". Ni *pole na kazi* yetu. Lugha nyingi za Ulaya zinahangaika kulisema jambo hili, inabidi wazungukezunguke. Sisi na Wachina tunalo kwa pumzi moja, na mahali pa kulitumia ni pale pale: mtu amechoka kwa ajili ya wengine, nawe umeliona hilo. Nikifika kwenye neno hili darasani huwa sihitaji kueleza, watu wanatikisa kichwa tu.

Tofauti moja ndogo: "pole" yetu tunampa pia mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa. Xīnkǔ le ni ya kazi na juhudi tu. Usimpe mfiwa.

#10 Papa_Kolwezi

Jambo bandugu. Mimi niko Kolwezi, Kongo. Huku Wachina ni wengi sababu ya migodi ya shaba na kobalti. Kuna mmoja tunafanya naye biashara, kila akinikuta saa sita anauliza "chī le ma?" Nimeelewa ni kama nimekula. Mimi najibu bado, nangoja anialike, yeye anapita. Ni uchoyo ama ni desturi?

#11 Mwalimu_wa_Jioni

Papa, huyo hana uchoyo hata kidogo. Amekusalimu, na amekusalimu kama mtu wa karibu. "Chī le ma?" au "chīfàn le ma?" ni kujuliana hali, kama sisi tunavyouliza "umeamkaje" bila kungoja maelezo ya usingizi ulivyokuwa. Jibu ni "Chī le, nǐ ne?" Nimekula, na wewe? Hata kama hujala. Ukijibu "hái méi", bado, huenda akakuhimiza ukale, lakini si mwaliko.

Inasikika zaidi karibu na saa za chakula, na kwa watu wa makamo na wazee zaidi kuliko vijana wa mjini. Jirani kwa jirani, ndipo mahali pake. Usiitumie kwenye kikao na mkurugenzi.

Hii ni sehemu ya tabia pana zaidi ya salamu zao, na nawaombeni mwisikilize vizuri kwa sababu hamtaikuta kwenye zile orodha. Watu wanaojuana husalimiana kwa kusema kinachoonekana. Unamkuta jirani anaingia getini na begi: "Xiàbān le?" Umetoka kazini? Amebeba kikapu asubuhi: "Mǎi cài qù?" Unakwenda kununua mboga? Amefungua mlango: "Huílái le?" Umerudi? Mtu asiyejua ataona ni udadisi, au ni kuuliza jambo lililo wazi. Lakini hata sisi tunamwambia mtu "umekuja?" akiwa amesimama mbele yetu, na "za kutoka huko" bila kujua huko ni wapi. Maana yake ni moja: nimekuona.

Majibu yao ni mafupi. "Èi, xiàbān le." Ndiyo, nimetoka. Hapa ndipo tunapotofautiana nao kweli kweli. Sisi salamu ina foleni: za nyumbani, watoto hawajambo, kazi, mvua zimenyesha? Mchina hana foleni hiyo. Akishaitika ameridhika. Usidhani amekukatia.

Na wewe uliyesoma Kifaransa una zawadi moja: ile ü ya Kichina, kama kwenye *nǚ* (mwanamke), ni u ya Kifaransa kwenye "rue" na "tu". Sisi wa Dar tunaifundishwa kwa kusema "i" huku midomo imeviringwa kama ya kupiga mluzi.

#12 Xiaobei_Cargo

Mimi nimekaa Guangzhou miaka kadhaa, mitaa ya Xiaobei. Naongezea kwa Mpambanaji_Msimbazi. Mwenyeji wa Guangzhou nyumbani kwake anaongea Kikantoni, ambacho ni kitu kingine kabisa. Watakuelewa kwa Kichina sanifu, hilo usiwe na wasiwasi, mji umejaa watu wa majimbo mengine. Lakini ukiwa sokoni ukatupia maneno mawili ya kwao wanafurahi mno. "Jou san" ni ya asubuhi. "Nei hou" ndiyo nǐ hǎo yao, na wengi utawasikia wanasema "lei hou". Asante wanazo mbili: "mgoi" kwa mtu aliyekuhudumia au kukupisha, "do jeh" kwa aliyekupa zawadi.

Na wauza duka watakuita "leng jai", kijana mtanashati. Wanamwita hivyo kila mwanamume, usibebe kichwani. Dada zetu wanaitwa "leng leui".

Ukienda Yiwu huko Zhejiang tumia pǔtōnghuà tu, wauzaji wametoka kila kona.

#13 Mwalimu_wa_Jioni

Asante Xiaobei, hilo la Kikantoni ni muhimu na mimi si mtaalamu wake.

Kwa pǔtōnghuà, sawa na leng jai na leng leui ni *shuàigē* na *měinǚ*. Mhudumu kijana dukani au mgahawani unaweza kumwita hivyo bila matatizo. Ila kuna neno la kuwa nalo mwangalifu: *xiǎojiě*. Vitabu vya zamani vinasema ni "binti" au "bi". Likitanguliwa na jina la ukoo, Lǐ xiǎojiě, ni heshima. Peke yake, mitaani China bara, linaweza kueleweka kama mwanamke anayeuza mwili. Mgahawani sema "fúwùyuán", mhudumu, imekwisha.

Kwa mwanamke mwenye duka: *lǎobǎnniáng*. Kwa mfanyabiashara mwanamume aliyekuzidi kidogo, mkishazoeana: *dàgē*, kaka mkubwa. Kwa dada: *dàjiě*, lakini angalieni umri, mwanamke kijana hapendi kuitwa dada mkubwa na mtu anayelingana naye.

#14 Mwanachuo_Dom

Mwalimu, mie niko Dodoma chuoni. Je, niende nikasome darasani au nijifunze kwa simu? Na hizi herufi za michoro nianze nazo au niziache?

#15 Mwalimu_wa_Jioni

Uko mahali pazuri. Chuo Kikuu cha Dodoma kina Taasisi ya Confucius, kituo cha kufundishia Kichina, tangu 2013, na Dar ikapata yake mwaka huo huo. Nairobi walitutangulia, yao ya 2005 ndiyo ya kwanza Afrika. Nenda ukaulize ratiba. Toni zinahitaji sikio la mtu mwingine likusahihishe, simu inakuvumilia mno.

Kwa simu, weka kamusi ya Pleco, na kwenye kibodi uongeze Kichina cha pinyin: unaandika nihao, inakuletea 你好, unachagua. Ü unaiandika kwa herufi v. Kwa kuzoeza sikio, sikiliza watangazaji wa Kichina, hata kama huelewi, ufuatishe mwendo wa sauti zao. Wakati ukichoka, Redio China Kimataifa ina idhaa ya Kiswahili tangu 1961, utapata mambo ya China kwa lugha yako.

Herufi: usizikimbie wala usizifanye mzigo. Mwezi wa kwanza zitambue zile za salamu: 你, 您, 好, 早, 谢谢, 再见. Ukilijua hilo 好 kwamba kushoto ni mwanamke 女 na kulia ni mtoto 子, halitakutoka. Kukariri mamia ya herufi kabla hujaweza kusema "zǎo" kwa toni sahihi ni kuanza safari kwa kubeba mizigo ya kurudia.

#16 Reli_Voi

Mwalimu, kuna kitu dukani kwa Mchina hapa Nairobi. Nikimaliza kununua natoka, ananiambia "man zou". Nimeuliza nikaambiwa ni "tembea polepole". Kwani mimi nilikuwa nakimbia?

#17 Mwalimu_wa_Jioni

Hapana, alikuwa anakuaga kwa ukarimu. *Màn zǒu* ni uende salama, uwe mwangalifu njiani. Husemwa na anayebaki kumwambia anayeondoka. Wewe unayeondoka huirudishi, unajibu "xièxie" au "zàijiàn".

Kuaga kwingine: "míngtiān jiàn" tuonane kesho, na vijana wengi wanasema "báibái" wakiachana au wakikata simu. Kupokea simu ni "wéi?", ya kupanda. Mliopoteana siku nyingi mnaambiana "hǎojiǔ bú jiàn".

Na "nǐ hǎo ma?", hujambo? Ipo vitabuni, Kichina chake ni sahihi, ila hawaitumii kila siku kama sisi tunavyotumia hujambo. Ukimuuliza mtu hivyo atahisi unataka kujua hali yake kweli, labda umesikia aliumwa.

#18 Mpambanaji_Msimbazi

Mwalimu, nimefanyia kazi. Kuna meneja wa kiwanda nimeunganishwa naye WeChat, nataka kumtumia salamu kabla ya safari. Nimeandika hivi kwa msaada wa simu: 在吗? Yaani "zài ma?", upo? Nilitaka nisubiri ajibu halafu ndiyo nijitambulishe. Nimtumie kesho nikiamka na "zǎoshang hǎo"?

#19 Mwalimu_wa_Jioni

Usitume hiyo peke yake mkuu. "Zài ma?" na kunyamaza inamwacha mtu akijiuliza unataka nini, wengi hawaijibu, hasa kwa mtu wasiyemjua. Mwite, msalimu, jitambulishe, yote kwenye ujumbe mmoja:

王经理,您好!我是坦桑尼亚的Juma。很高兴认识您。
*Wáng jīnglǐ, nín hǎo! Wǒ shì Tǎnsāngníyà de Juma. Hěn gāoxìng rènshi nín.*
(Meneja Wang, salamu! Mimi ni Juma wa Tanzania. Nimefurahi kukufahamu.)

Jina la Juma badilisha uweke lako. Mkenya ataweka Kěnníyà, Mkongomani Gāngguǒ. Kisha ndiyo useme shida yako: bidhaa gani, na utakuwa Guangzhou lini.

Na hiyo zǎoshang hǎo iache. China iko mbele yetu kwa saa tano. Ukiamka saa mbili asubuhi hapa Dar, kwao ni saa saba mchana, wengi wako kwenye mapumziko ya mchana, na "habari za asubuhi" imeshapitwa. *Nín hǎo* haina saa, iandike muda wowote. Ukitaka akujibu haraka, itume saa nne asubuhi ya huku, atakuwa amerudi mezani.